Nusu Kichwa Gisenyi, Nusu Kichwa Goma

Mgeni rasmi, Papa Modeste, chef, yaani mkuu, wa ofisi yetu ya kodi. Mama Domitille, rais wa chama. Wazazi, wateja na majirani wote wa Ndosho:

Karibu, karibu, na tena karibu! Sisi wasusi wa nywele tunaoishi kati ya Goma na Gisenyi tumefurahi hadi samaki wako ametiwa chumvi mara mbili; utatusamehe. Watu wa kodi wametutembelea mara nyingi, lakini wewe ni wa kwanza kuja kwa kualikwa. Zamani tukikuona tulikukimbia. Leo tumekukimbilia, na mmoja wetu ameangusha kiatu.

HISTORIA

Tuko thelathini na wanne. Hatuna bosi: kila mmoja ni mkurugenzi na mfagiaji wa kiti chake. Wengi tunalala Gisenyi na kusuka Goma, wachache wanafanya kinyume, na katibu anayekusomea risala hii huulizwa na mama yake kila Jumapili anaishi wapi hasa.

Miaka mingi tuliamini kwamba kodi inamfuata mtu pale anapolala. Waliolala Gisenyi walilipa Gisenyi, wakatunza risiti zao vizuri, kisha wakavuka mpaka kuja kusuka huku bila wasiwasi wowote. Hakuna aliyeuliza. Na asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

MAFANIKIO

Mwaka jana tulianza kuuliza. Sasa kila msusi ana madaftari mawili, la kazi ya huku na la kazi ya ng'ambo, na hata aliyekuwa akiandika mapato yake kwenye kiganja amenunua kalamu.

Shida ikawa vichwa vya katikati. Mteja anaanza kusukwa Gisenyi asubuhi, barrière ya mpakani inakaribia kufungwa, anavuka na upande mmoja tayari, tunamalizia Goma. Je, kichwa hicho ni cha nchi gani? Dada yetu Perpétue, ambaye hawezi kusema uongo hata kwa mbuzi, alijaza fomu yako hivi: wateja arobaini na mmoja na nusu. Wakala wako akamwita.

“Mama, nusu ya mutu inatembeaka namna gani?”

“Chef, ile kichwa nilianza Gisenyi, nikaimaliza huku. Sitaki kuibia mutu, wala huku wala kule.”

Tulijadili jambo hilo Jumapili mbili, tukapiga kura, soda zikaisha. Tukaamua: kichwa ni cha pale msuko wa mwisho unapofungwa. Ukiwa na sheria nzuri zaidi, tuko tayari kuiandika leo hii.

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, tunaomba unywe maji kidogo.

Perpétue alisuka miaka kumi na mmoja chini ya mwavuli. Mwezi wa pili alifungua saluni yake huku Goma, mtaa wa Keshero, chumba kimoja chenye mlango na kufuli lake mwenyewe. Siku ile alifunga na kufungua mara sita bila sababu, na sisi tukashangilia kila mara.

Jumatano iliyopita wakala wako alipita kukagua. Perpétue akatoa risiti zote, za miezi yote, zote za Gisenyi. Wakala hakukosea: kwa upande huu hakukuwa na hata moja, maana fomu ya nusu mtu ilirudishwa, na Perpétue hakujua kwamba alipaswa kuijaza upya. Mlango ukabandikwa karatasi na kupigwa muhuri. Mteja aliyekuwa kitini ni Daniella, bibi harusi, ambaye ameketi hapa mbele na kitambaa kichwani. Kushoto ameshasukwa. Kulia bado.

“Sasa nitaolewa upande moja?” aliuliza pale barabarani.

Mèches zake, nywele za kuongezea zilizochaguliwa rangi kwa wiki nzima, zimebaki ndani. Tulimwambia Perpétue amalizie nyumbani kwa mèches nyingine. Alikataa. Alisema hatagusa unywele hata mmoja kwa kujificha, kwa sababu ameshajificha vya kutosha chini ya mwavuli. Kisha akalia, na sisi tukalia naye, tukiwemo tuliokuwa tumemcheka kwa fomu yake.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba. Mama Domitille amefuta sita leo asubuhi.

Fomu mpya hii hapa, yenye watu wazima tu. Risiti ya malipo ya upande huu iko kwenye bahasha, yamelipwa jana. Lakini ofisini wametuambia kwamba muhuri unaondolewa kwa mkono wa chef peke yake, na chef yuko ziarani hadi Jumatatu. Ziara yenyewe ni hii, Papa Modeste. Harusi ni kesho saa nne.

Kutoka hapa hadi Keshero kwa moto, zile pikipiki za abiria, si mbali. Tumekodi tatu, ziko mlangoni, na kofia iliyo safi zaidi ni yako. Samaki tutamfunika. Tazama, Daniella ameshapanda.

Mungu abariki mikono inayosuka, na ile inayopiga muhuri, na leo zaidi ile itakayoubandua.

Ni sisi,
Wasusi wa Mipaka Miwili, Goma na Gisenyi