Ngitili ya Sapiwi na Shtaka Lisilo na Mlalamikaji

Kijiwe chetu kimeegemea ukuta wa ghala la zamani la pamba hapa Bariadi, ghala ambalo tangu biashara ifanywe huria limebadilisha wapangaji kuliko mimi nilivyobadilisha viatu. Asubuhi hiyo, kabla Milembe hajamimina kahawa ya kwanza, habari ilikuwa imeshafika: mradi mmoja wa mazingira ulifundisha kompyuta kupima jinsi wananchi wanavyoshiriki kuhifadhi mazingira, nayo ikatamka kwamba watu wa Sapiwi hawashiriki. Kwa sababu hiyo ngitili yao, malisho wanayoyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi, ingechukuliwa na mradi na kukodishwa kwa wenye uwezo. Na kiangazi kilikuwa kimeshaanza.

— Huu ni uhuni! alifoka Kristofa, tunayemwita Bunge kwa kuwa hoja yake haifungwi. Ngitili ile ukiingiza hata ndama, unapigwa faini na kijiji kinakutenga, hupewi hata kaa la moto. Leo eti hawashiriki?

— Tusihukumu kabla ya ushahidi, nikasema. Imepimaje?

Athanasi, fundi simu, jina la kijiweni Satelaiti, akashusha kikombe.

— Mwanasheria, hiyo akili mnemba yao imesomeshwa meseji za malalamiko. Nani kakata mti, nani kalisha kwa wizi. Kata yenye meseji kibao, ushiriki juu. Sapiwi hawajatuma hata moja.

— Walalamike nini, na majani hayajaibiwa? akauliza Bunge.

— Ndo hapo sasa, bosi!

Nilikiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito. Nyumba isiyoungua haitoi moshi. Mashine ilikuwa ikitafuta moshi tu.

— Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akadakia Bunge. Ndiyo maana mashine haina miguu!

— Methali hiyo haihusiani, nikamwambia.

— Inahusiana sana. Nakwambia imehongwa.

— Kitu kisicho na mfuko kinahongwaje?

— Kwa umeme! Wanaiongezea umeme wa usiku.

— Acha hizo, Bunge, alisema Satelaiti. Ukweli ni kwamba inaona kutoka angani. Imehesabu ng'ombe ikadhani ndio wananchi, ikawauliza maswali, wakanyamaza.

— Ng'ombe wa Sapiwi wangejibu, alisema Milembe. Ninyi ndio mnaobwabwaja.

Tulikuwa bado tunacheka kwa hasira pikipiki iliposimama. Akashuka mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, akatusalimu kwa Kisukuma.

— Mwangaluka.

— Mwangaluka, mayu, tukaitikia. Karibu kahawa, mama.

— Naitwa Nyamizi, natoka Sapiwi. Nimeambiwa hapa kuna mwanasheria.

Bunge akaninyooshea kidole haraka mno.

— Baba, kwetu mtu akituhumiwa anaitwa dagashida, mkutano wa wote. Anayemtuhumu anasimama mbele yake, wanatazamana machoni. Tunataka kumwita huyo aliyesema hatulindi. Anaitwa nani?

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mradi ungesema ni kompyuta. Waliofundisha kompyuta wangesema ni meseji. Waliotuma meseji hawakuwahi kuitaja Sapiwi.

— Ni… mfumo, mayu, alisema Satelaiti.

— Mwana wa nani?

Bunge akainamia kikombe chake kitupu. Tangu nimjue sikuwahi kuona kikao chake kikiahirishwa. Mimi, niliyesomea mashtaka na utetezi, nikatoa kalamu, nikaandika neno mlalamikaji na kuacha nafasi ya jina.

Milembe akamjazia kikombe.

— Na ng'ombe wako wamekula nini leo, dada?

— Wanalamba vumbi nje ya ngitili, alijibu Nyamizi. Siku tuliyokubaliana kuifungua haijafika.