Fundo la Mzee Ngoja Ipoe

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi na nusu jioni, fundi wetu wa tela atastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya idara ya maji. Jina lake la kwenye faili analijua mtunza masijala. Sisi wengine tunamwita Mzee Ngoja Ipoe, naye huitika.

Jina hilo alijipatia mwenyewe. Tela ikiingia karakana ikinuka breki zilizoungua, dereva hutaka magurudumu yafunguliwe papo hapo, na jibu la Mzee huwa moja tu: ngoja ipoe. Dramu ya breki ikiwa na moto hutanuka. Ukizirekebisha pedi wakati huo utaona umezipatia, lakini dramu ikipoa husinyaa ikazibana, na kesho yake gurudumu halizunguki. Basi Mzee huketi juu ya kreti lililofudikizwa, akamimina chai, akamsimulia dereva habari za magoti yake mpaka chuma kipoe. Wapo madereva wanaoyajua magoti yale kuliko daktari.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita, kama mwosha magari, kisha akawa msaidizi wa fundi wa matairi. Idara ilipoleta tela za kwanza zenye breki za umeme, hakuna aliyezitaka. Mafundi umeme walisema breki ni kazi ya makanika, na makanika wakasema umeme hauwahusu. Tela zilikaa nyuma ya stoo wiki tatu, nyasi zikaanza kuota kati ya magurudumu. Yule mwosha magari wa zamani akakiomba kitabu cha maelekezo, akaenda nacho nyumbani. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alisoma kwa sauti, kamusi pembeni, naye Mzee akachora. Michoro hiyo bado imo kwenye sanduku lake la vifaa, ina madoa ya grisi na alama za vyema za kalamu nyekundu ya mwalimu.

Sanduku lenyewe ni maarufu. Alipochoka kuibiwa spana, alizipaka zote rangi ya waridi, akiamini hakuna mwanamume wa karakana hii atakayethubutu kutembea nayo mfukoni. Alifanikiwa kwa miaka mingi, mpaka nilipoajiriwa mimi, fundi umeme wa kike, nikawa naziazima mchana kweupe.

Namna yake ya kutafuta kosa haikubadilika. Huiendesha tela mpaka kwenye tangi la mlimani na kurudi, akaiacha isimame yenyewe bila kukanyaga breki. Kisha huizunguka, akikisogeza kitovu cha kila gurudumu karibu na mgongo wa mkono wake, au tuseme mkono karibu na kitovu, maana kwa utaratibu wake mtu hawezi kuwa na hakika nani anamfuata nani. Huandika kwa chaki juu ya tairi: B ni baridi, V ni vuguvugu, M ni moto. Wageni huambiwa kuwa anayajulia hali magurudumu. Mwenyewe hukana, ingawa mtunza stoo anaapa amewahi kumsikia akisema hujambo.

Gurudumu moja likiandikwa M, alitufundisha, kosa liko palepale: springi imechoka, beringi imekufa, au pedi imebanwa mno. Yote yakiandikwa M kwa usawa, achana na magurudumu. Nenda mbele, kwenye nyaya, kwenye kisanduku cha breki ndani ya gari, na mwisho kabisa kwenye mguu wa dereva.

Mafunzo hayo ndiyo yaliyomponza mwaka juzi, na ameniruhusu niyaandike. Alisema wasifu usio na kosa ni wa mtu mwingine.

Tela ya pampu, yenye magurudumu manne, ilirudi kutoka kituo cha mbali ikifuka moshi. Tukaitengeneza, ikarudi tena vilevile. Mara ya tatu haikurudi. Grisi iliyeyuka, gurudumu moja likashika moto kando ya barabara, pampu haikufika, na mtaa mzima ukakaa siku mbili bila maji. Dereva alikuwa yule tunayemwita Kobe, kwa mwendo wake. Yeye na Mzee walikuwa watani na wapinzani wa drafti kila mchana.

Tulipima kila kitu, Mzee na mimi. Springi nzima, sumaku za breki nzima, nyaya nzima, kisanduku kizima. Na pedi za magurudumu yote manne zilikuwa zimeungua sawasawa. Ukabaki mguu. Mzee akasaini ripoti kwamba dereva hushuka milima akiwa amekanyaga breki mfululizo. Niliandika jina langu chini ya lake, na sikusita. Kobe, mwenye miaka kumi na moja kazini, akanyang'anywa ufunguo wa gari, akapangiwa kamati ya nidhamu siku ya Jumatano. Kila mtu alijua kuwa hiyo ilikuwa njia ya kumfukuza.

Kobe hakubishana. Jumatatu alipita mbele ya kreti la Mzee, ubao wa drafti ukiwa umefunikwa, akasema neno moja tu:

"Mzee, mguu wangu unaujua."

Siku ile Mzee hakumalizia chai yake. Jumanne asubuhi alimwomba mkuu wa karakana tela ileile, ikiwa imeshawekwa vipuri vipya, na pikapu ileile ambayo Kobe aliivutia tela. Alitaka mtu mwenye mguu mwingine aendeshe, akanichagua mimi. Barabara iliyonyooka tuliimaliza salama. Tuliposimama aliandika B nne. Kisha tukaingia kwenye kona za mlimani. Baada ya kona ya saba nilihisi pikapu inazuiwa, kana kwamba mtu ameishika kwa nyuma. Mguu wangu haukuwa kwenye breki. Mzee aliutazama, akaniambia nisimame.

Nilitarajia aende kwenye magurudumu. Hakwenda. Alisimama kati ya gari na tela, ameinama, muda mrefu.

Kila tela ya aina hii ina swichi ya dharura. Uzi wa chuma huiunganisha na gari. Tela ikichomoka njiani, uzi huvuta pini, swichi inawaka, na betri ya tela inafunga breki zote. Uzi wetu ulikuwa umekaza kama waya wa kuanikia nguo, na pini ilikuwa imechomoza kiasi cha unene wa ukucha. Ilitosha. Breki zilikuwa zikishika zenyewe, magurudumu yote manne, kwa usawa.

Katikati ya uzi kulikuwa na fundo. Mzee alilifunga mwenyewe miaka mitano nyuma, kwa sababu uzi ulikuwa ukiburuta kwenye lami na kulika. Kwa gari la zamani, fundo lilikuwa sahihi. Ilipokuja pikapu mpya, ambayo ndoano yake imejitokeza zaidi, uzi ulitosha kwenye barabara iliyonyooka na kupelea kwenye kona kali. Na Kobe, mtu nadhifu, kila akifika karakana, hata siku tela iliyoungua ilipovutwa kurudi, aliibonyeza pini mpaka ndani kabla ya kutukabidhi tela. Ndiyo maana kwetu haikuonekana kasoro.

Tulikuwa wawili tu barabarani. Nakiri kwamba mkono wangu ulishafika kwenye fundo. Kulifungua kungechukua dakika moja, tela ingepona, na hakuna ambaye angejua.

"Usilifungue, binti," akasema. "Lazima walione."

Tulirudi polepole. Kila baada ya kona nilisimama, na Mzee, kwa magoti yale yale, alishuka kuirudisha pini. Kona saba, mara saba. Nilipojitolea kushuka badala yake alinikatalia.

Jumatano aliingia kwenye kamati na uzi mkononi, akauweka mezani juu ya faili la Kobe.

"Breki ziliunguzwa na fundo hili," alisema. "Nililifunga mimi. Ripoti niliyoisaini si kweli. Safari hii sikungoja ipoe."

Kobe alirudishiwa ufunguo kesho yake. Mzee alipewa onyo la maandishi, la pekee katika miaka thelathini na minne. Aliomba nakala, akaitundika ukutani kando ya uzi wenye fundo, mahali ambapo kila fundi mpya huliona kabla ya kuona kitu kingine. Mchana ule Kobe aliufunua ubao wa drafti, akakaa, akala kete tatu za Mzee mfululizo. Mzee alisema hiyo ndiyo adhabu iliyomuuma.

Tangu hapo, tela ikibadilishiwa gari, hukatwa kona kali kulia na kushoto uwanjani na uzi ukapimwa. Jambo hilo ni mstari wa tisa katika fomu yetu ya ukaguzi. Tela ya pampu haijarudi ikifuka moshi hata mara moja.

Mzee, ahsante kwa miaka yako, kwa michoro, na kwa spana ambazo umesema sasa ni zangu. Sitazipaka rangi nyingine. Mfikishie mama mwalimu shukrani zetu kwa kusoma kitabu kile. Ijumaa Kobe atakupeleka nyumbani na tela ileile, na kreti lako likiwa juu yake. Tunakuombea siku tulivu, chai isiyokatizwa, na magoti yanayosahaulika. Mtakapofika mlangoni kwako usiinuke kitini. Nitakuwa nimekuja na chaki. Magurudumu nitayagusa mimi.