Aliyeyakana Masinki Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mlio jikoni punguzeni moto kidogo. Mlio kazini, jifanyeni mnamsikiliza bosi. Leo tunamkumbuka Bi Kigae, fundi wa vigae, yule aliyetengeneza masinki ya kufulia yaliyo uani, nyuma ya maghorofa ya wafanyakazi. Amefariki wiki iliyopita, kitandani kwake, usingizini, akiwa na miaka sabini na moja. Ameacha mdogo wake wa kike, na watoto wa mdogo wake aliowalea kama wa tumbo lake.

Niwaambie mapema: leo sitakuwa mpole. Katika habari hii kuna watu wanaostahili kusemwa, na watasemwa. Wakitaka kupiga simu, namba wanayo.

Tuanze utotoni. Baba yao alikuwa mwashi, mama yao alikuwa mshonaji. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na watoto wengi, vyombo vilivunjika kila siku. Mdogo wake anakumbuka hivi: "Sahani ikivunjika, mama anakasirika, dada anafurahi. Anaokota vipande, anaosha, anapanga sakafuni. Ukivipita bila kutazama, ananuna mpaka jioni." Jina la Kigae alilipata hapo, na lile la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

Akakua, akafaulu, akaingia chuo cha sanaa. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, chuo cha sanaa. Bi Kigae hakuwa mtu aliyebahatisha. Alisomea kazi yake miaka yote inayotakiwa na akamaliza. Lakini mwalimu wake mmoja alimwita pembeni akamwambia ana mkono mzuri, tatizo lake ni kwamba anatengeneza vitu vya kutumiwa. Alilisema hilo kama daktari anayempa mtu habari ya maradhi.

Wenzake wakapata maonyesho kwenye jumba la sanaa. Yeye akapata mabafu. Alizunguka na mwiko na ndoo ya saruji, nyumba hii na nyumba ile, akipanga vigae ambavyo wenye nyumba walivikanyaga wakiwa na sabuni machoni. Maonyesho yakifunguliwa alikwenda, amevaa vizuri, anasimama karibu na mlango. Wale aliosoma nao wakimwona wanamjia kwa tabasamu: "Fundi, hujambo? Bafu langu linavuja." Naye anacheka, anaahidi kupita, anarudi nyumbani amenuna.

Mdogo wake ametuambia wazi, nami nayaleta maneno yake kama yalivyo: "Dada hakutaka makubwa. Alitaka kitu kimoja. Wale watu wamwite msanii. Basi."

Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu habari yote inazunguka hapo.

Sasa twende uani. Katika yale maghorofa maji hayakuwa yakipanda juu, na mpaka leo ni bahati nasibu. Watu walifulia chini, kwenye bomba moja, wakisukumana na kutukanana. Bi Kigae aliishi ghorofa ya kwanza na kelele zote ziliishia dirishani kwake. Akawaita majirani. Akasema wajenge masinki wenyewe, na kila nyumba ilete vyombo vyake vilivyovunjika. Watu walicheka, halafu wakaleta. Vikombe, bakuli, vifuniko vya birika, hata sahani za harusi ambazo ndoa zake zilikuwa zimeshavunjika kabla ya sahani zenyewe.

Akayapanga masinki kwa duara, nyuso za wafuaji zikitazamana. Moja akaliweka chini zaidi kwa ajili ya bibi mmoja asiyeweza kusimama. Akapanga vile vipande mpaka kila mtu akajua kikombe chake kiko wapi. Kisha akakataa jambo moja, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba alijua anachofanya. Majirani walitaka kulabu ukutani, za kufungia blanketi ili mtu aweze kulikamua peke yake. Akakataa katakata. Akawaambia, "Nikiweka kulabu mtu atakamua na ukuta. Mimi nataka akamue na mtu."

Ikawa desturi ya pale. Ukifika na ndoo yako, kabla hujafungua bomba, unamsaidia uliyemkuta kukamua vitu vizito. Yeye anashika huku, wewe unashika kule, mnasokota. Kulikuwa na wanawake wawili, wakwe, waliokuwa hawasalimiani tangu watoto wao waachane. Siku moja wakakutana uani, mmoja ana pazia limelowa chapachapa. Wakalikamua bila kusemeana. Wiki iliyofuata wakakamua wakigombana. Iliyofuata walikuwa bado wanagombana, ila sasa mmoja alikuwa amemwekea mwenzake nafasi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Bi Kigae. Vigae vilikuwa vizuri, sikatai. Lakini kazi yenyewe ilikuwa watu wawili na pazia.

Basi akaja mkurugenzi wa jumba la sanaa. Ni mtu mwenye vyeo vingi kuliko shughuli. Aliingia uani amenyanyua suruali kwa vidole viwili, nyuma yake wageni na mpiga picha. Akatazama wanawake wanafua, akawaita washiriki. Akasikia wanagombania zamu, akasema hayo ni mazungumzo ya jamii. Akaonyesha maji machafu yanayoelekea mferejini, akawaeleza wageni habari ya mtiririko. Mama mmoja akamwambia, baba, huo mtiririko una nepi ndani yake. Mgeni mmoja aliandika hilo pia.

Baada ya hapo jumba likatangaza kwamba masinki yamepokelewa kuwa kazi ya sanaa. Bi Kigae akaalikwa. Mdogo wake alimpigia gauni pasi mara mbili kwa wasiwasi. Ukumbini wakakaa wote, wale wale wa "bafu langu linavuja", na mkurugenzi akashika kipaza sauti akasema anamkaribisha msanii. Mdogo mtu anasema, "Niliona dada anageuka nyuma. Anatafuta nani ameitwa." Halafu akaelewa. Akalia mbele za watu, na hakujificha.

Nisiwadanganye, wasikilizaji wapendwa. Alifurahi. Alivimba kichwa kidogo, na nani angemlaumu? Kwa siku kadhaa alipita sokoni akisalimia watu asiowajua.

Kisha watu wa jumba wakaja na kamba.

Sijui ni ugonjwa gani huu, kwamba taasisi ikipenda kitu lazima ikifunge. Walizungushia masinki kamba nyekundu. Wakaweka kibao: Usiguse. Wakafunga bomba kwa kufuli, kwa sababu mtaalamu wao wa uhifadhi aligundua kwamba sabuni inakula saruji katikati ya vigae. Akagundua! Masinki ya kufulia, mtaalamu akagundua sabuni. Mlinzi waliyempa kazi ya kusimama pale alikuwa mkazi wa maghorofa hayo hayo, na mkewe alikuwa miongoni mwa waliozuiwa kufua.

Na ili wasionekane wamewanyima watu kitu, wakaanzisha maonyesho ya kufua. Wanawake wachache wanachaguliwa, wageni wanakaa kwenye viti, bomba linafunguliwa, nguo zinafuliwa. Nguo zenyewe zinaletwa na jumba, nyeupe, zimekunjwa, safi. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: nguo safi. Watu wazima, wenye shahada, walikaa kwenye viti wakapiga makofi nguo safi zikifuliwa, na hakuna aliyeona aibu.

Wakati huo wakazi walikuwa wanabeba ndoo mpaka bomba la barabarani. Jirani mmoja wa ghorofa ya juu alikuwa akimuuguza mama mkwe wake asiyeinuka kitandani. Mnajua maana yake kwa mfuaji: shuka kila siku. Asubuhi moja alishuka na shuka zake kwenye beseni, akasimama kwenye kamba. Mlinzi akajitia hamnazo, akatazama pembeni. Bi Kigae alikuwa anapita kwenda kazini. Yule jirani hakumpigia kelele. Alimwambia, "Hongera, dada. Sasa niambie hizi nizifulie wapi."

Bi Kigae hakufika kazini siku hiyo. Alizipokea zile shuka, akazifulia bafuni kwake, kisha akaenda moja kwa moja jumba la sanaa na mikono bado ina povu.

Mkurugenzi alimkalisha, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamwita msanii kila baada ya maneno matatu. Kuhusu kamba, akasema hana la kufanya. Kanuni ni kanuni. Kazi ikishapokelewa haiguswi, isipokuwa mtunzi mwenyewe, kwa kinywa chake, aseme mbele ya baraza la wasanii wa jumba kwamba hakukusudia sanaa. Mtunzi mwenyewe tu. Si mume, si ndugu, si wakili. Akacheka akasema kanuni hiyo ipo kwa ajili ya kuipamba sheria, maana hajazaliwa msanii wa kujikana mwenyewe.

Baraza lilikutana muda mfupi baadaye. Lilikuwa limeitwa ili kumpa Bi Kigae uanachama, kile alichokitamani tangu chuo. Meza ndefu, chupa za maji, na upande wa pili wale aliosoma nao. Alisimama na gauni lile lile. Akasema, "Mimi ni fundi wa vigae. Niliweka masinki ili watu wafue. Pale hakuna sanaa."

Mwenyekiti akamwomba arudie. Akarudia. Mwenzake mmoja wa darasa akamwinamia jirani yake na kusema, kwa sauti iliyosikika meza nzima, kwamba yeye alijua siku nyingi. Wakatikisa vichwa, wakaandika, wakaenda kwenye ajenda inayofuata. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini.

Jioni hiyo mdogo wake alimkuta amekaa pembeni ya kitanda, gauni halijavuliwa. Akamwambia ajikaze kisabuni, yatapita. Bi Kigae akamjibu maneno ambayo mdogo mtu ameyatunza mpaka juzi tulipokuwa sebuleni kwake: "Nimesema uongo mbele ya watu niliosoma nao na walionijua. Na wameuamini upesi mno."

Kesho yake mlinzi alikunja kamba bila kuangalia mtu usoni. Kufuli likatoka. Majirani wakashuka na nguo za mwezi mzima, na mpaka leo wengi wao wanasimulia kwamba ni kelele zao zilizolitisha jumba. Bi Kigae aliwaacha wajipige kifua. Hakuwaambia. Akarudi kwenye mabafu mpaka magoti yalipokataa. Kila alipoulizwa na mwandishi wa habari, na tuliwahi kumuuliza hata sisi wa redio hii, alijibu vile vile: fundi, masinki, basi. Angesema vingine, kamba ingerudi, na alilijua hilo.

Sasa nawapeleka msibani, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hapo ndipo nilipokasirika kweli. Siku ya pili tu, watu bado wamekaa, akaingia mkurugenzi. Yule yule. Amezeeka, vyeo vimeongezeka. Akatoa pole, akakohoa, akafika kwenye lake. Jumba liko tayari kumpa marehemu heshima anayostahili. Chumba kizima kwa jina lake. Kinachotakiwa ni kidogo tu: familia iseme kwamba marehemu, siku ile, hakumaanisha alichosema. Masinki yatapokelewa upya. Yatahifadhiwa.

Wapo waliojua kinachotolewa pale. Ni kile kitu kimoja alichokitaka maisha yake yote, kimeletwa mpaka mlangoni, na bei yake ni bomba la watu.

Mdogo wake hakuinuka kwenye kiti. Akamwambia, "Kanuni ni yenu, shemeji. Ni mtunzi mwenyewe tu, kwa kinywa chake. Nenda kamuulize."

Kumwita shemeji ilikuwa kejeli, kama hamkuielewa. Mkurugenzi naye hakuielewa mara moja. Alipoielewa, akachukua koti lake.

Baada ya yeye kutoka, mdogo mtu akatugeukia sisi wa redio. Akasema amenyamaza miaka yote kwa sababu neno moja lingeweza kurudisha kamba. Sasa kinywa pekee kilichoweza kulifuta lile jibu kimefungwa, na hakuna baraza litakalokifungua. Masinki yamekuwa ya wafuaji moja kwa moja. "Kwa hiyo semeni," akasema. "Nilikuwa naogopa kusema hata chooni. Ninyi semeni kwa sauti."

Kwa mdogo wake, kwa watoto aliowalea, kwa jirani wa ghorofa ya juu na kwa wote wanaofua uani asubuhi hii, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Wengine wote mnaosikiliza, ninaomba mtafakari jambo moja tu. Fikirieni ni mara ngapi mmemwita mtu fundi ili abaki mlangoni. Na wale wa jumba la sanaa, kama redio yenu imewashwa, msibadilishe stesheni. Ongezeni sauti.

Wasikilizaji wapendwa, amefariki msanii.