Majina ya Waliokufa, Vidole vya Walio Hai

Mgeni rasmi, Mama mjumbe wa mfuko unaolipia chanjo ya polio,

Sisi wachanjaji wa mtaa wa kando ya maporomoko tunakupokea kwa heshima zote. Umefika siku za bunduki kunyamaza, nasi tunashukuru kukuona kwa macho yetu. Kiti ulichokalia tumeazima parokia. Ukisikia kinalia, usiogope, kinavumilia.

Tunaomba radhi kwa jambo moja. Risala hii siyo ile aliyoipitia mkuu wetu wa kazi. Tunajua anatutazama sasa.

TULIKOTOKA

Mwaka 1999 tuliandika watoto wote wa mtaa wenye umri chini ya miaka mitano: majina mia sita na arobaini. Mfuko ukaichukua orodha hiyo iwe kipimo. Wakifikiwa themanini katika kila mia kwa awamu mbili za kwanza, unalipia ya tatu, wasipofikiwa, haulipi. Tulikubali.

Kisha ikaja Juni ya mwaka jana. Majeshi mawili ya kigeni yalipigana siku sita juu ya mapaa yetu. Watoto themanini na watatu wa orodha ile tumewazika. Mia moja na arobaini walikimbizwa msituni na wazazi wao na hatujui waliko. Orodha haikubadilishwa.

TULICHOFANYA

Mwaka huu, awamu zote mbili, tulipita nyumba kwa nyumba. Barabara zilipofungwa, wavuvi walitubebea masanduku ya dawa kwa mitumbwi. Kwenye kizuizi kimoja askari alimwelekezea mwenzetu, Tonton Valère, bunduki.

“Fungua hii sanduku!”

“Chef, iko dawa ya batoto. Nikifungua, barafu inakufa, na dawa inakufa.”

“Na wangu, atapata?”

“Umulete. Mutoto hana jeshi.”

Alimleta. Tukamdondoshea matone mawili, tukampaka wino, alama ya aliyechanjwa, kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, tukapita.

LINALOTUBANA

Ripoti iliyo mikononi mwako inasema asilimia themanini na tano. Tunaomba uifunge. Kwa orodha, tumefikia sitini na tano tu.

Lakini mtaani hakuna kinywa kilichobaki bila matone. Kwa barabara ya Banalia waliingia watoto mia tatu na kumi wanaokimbia vita. Tuliwachanja wote. Hawamo kwenye orodha, kwa hiyo kwa hesabu ya mfuko hawapo. Aliyeandika kanuni hizi huenda ni mtu mwema, ila hakuwa hapa.

Basi tukafanya kosa. Tulikaa sote tukakubaliana: watoto wageni mia moja na thelathini wapewe majina ya waliokufa na waliopotea. Kesho wakaguzi wako watachagua majina arobaini kwa kura, na kila jina lingepata mtoto wa kuitika na kidole chenye wino. Tuliogopa kukosa awamu ya tatu, maana matone ya mara mbili hayatoshi kumkinga mtoto. Tuliwafundisha watoto kuitika. Akina mama waliofiwa tuliwaomba ruhusa, wakatoa. Mmoja wao ni mwenzetu Mbambu, anayekusomea risala hii. Jina la binti yake, Plamedie, tulimpa mtoto wa miaka minne aliyefika na shangazi yake, Mama Lucie.

Jina halisi la mtoto huyo ni Binti. Jumapili, nje ya kanisa, shangazi yake alimwita kwa jina lake, hakugeuka. Akamwita tena. Mtoto akajibu, “Miye niko Plamedie. Ile jina ingine balinikataza.” Mama Lucie, kwa kukata tamaa, akaita “Plamedie!” Waligeuka wawili: Binti, na Mbambu.

Tuliona aibu, Mgeni rasmi. Tangu siku ile hatuwezi kuendelea.

MAOMBI

Tuhukumu sisi kwa uongo huu. Utufukuze kazi ikibidi. Wengine watabeba sanduku. Tunachoomba ni kwamba kesho wakaguzi wasiite majina. Wapite mlango kwa mlango, watazame vidole vya watoto watakaowakuta, kisha wahesabu. Na awamu ya tatu ije kabla bunduki hazijaanza tena. Polio haiulizi mtoto aliandikwa wapi.

Mungu akufikishe salama uwanja wa ndege wa Bangboka, akupe anga tulivu, na akulindie watoto wako kwa majina yao.

Orodha iko mezani mbele yako. Tunaomba kimya kidogo. Mbambu atalifuta jina la mwanawe kwa mkono wake. Tangu Juni hajapata kulifuta, kwa sababu orodha ilimtaka mtoto awe hai.

Ni sisi,
Wachanjaji wa Kando ya Maporomoko,
Kisangani, Agosti 2001