Bei ya Muhuri Inategemea

Benchi lenyewe limekosa mguu mmoja, limekingwa kwa tofali, na bado kutwa nzima halikosi makalio. Liko mbele ya kibanda cha fundi viatu ambaye mtaa mzima unamwita Soli. Ng'ambo ya barabara kuna safu ya ofisi za mawakili wa viapo, wale wa kugonga mihuri, na kila mlango una kibao kinachotangaza kila kitu isipokuwa bei. Buli, mama muuza kahawa, ameweka jiko lake ubavuni mwa benchi. Wembe kinyozi huja wateja wakikatika. Mzee Faili, aliyestaafia masjala, huja tu, hana haja ya sababu. Siku hiyo Soli alivuka barabara akitokea ng'ambo, karatasi mkononi, mabega yamemwanguka, akaketi bila hata salamu. Wote wakajua hajagongewa muhuri.

— Bado tu? Buli alimuuliza, huku akimmiminia kahawa asiyoiomba.

— Bado, mama.

— Kwani kasemaje?

— Kasema bei inategemea.

— Inategemea nini?

— Ningejua ningekuwa hapa?

Karatasi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Ilisema kwamba Soli ndiye mlezi wa mpwa wake. Binti kapata nafasi chuo cha uuguzi, na chuo kinataka kiapo cha mlezi chenye muhuri, leo hii, kabla ofisi zao hazijafungwa. Mtaa mzima unajua nani kamlea yule mtoto tangu mama yake afariki. Lakini chuo hakiwezi kuuita mtaa mzima ofisini.

— Juzi tu jirani yangu kagongewa hapohapo, kwa bei ya soli mbili, Soli alisema. Mimi leo naambiwa soli nne. Nina za mbili. Nyingine nizitoe wapi?

Soli pesa zote huzihesabu kwa soli, yaani kwa bei ya kubandika soli moja. Ndivyo alivyozoea.

— Soli mbili ni vichwa vingapi? Wembe aliuliza, yeye akihesabu kwa vichwa anavyonyoa.

— We naye! Mtu ana shida, unamletea vichwa!

— Nataka kujua kaibiwa kiasi gani, mama. Siwezi kumwonea huruma kwa kukisia.

Mzee Faili alikohoa. Akikohoa hivyo, jua ana la kusema, na halitakuwa fupi.

— Kuna kanuni ya serikali kuhusu jambo hili. Wakili hajipangii. Bei zimewekwa, zimetiwa saini, zipo.

— Zinasemaje, mzee wangu? Soli alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza.

— Mimi nilizipokea kwa mikono yangu miwili.

— Ndiyo. Zinasemaje?

— Sikuzisoma. Nilizihifadhi.

Soli akakishusha kichwa chake. Buli alitaka kucheka, akamwonea huruma, akajisingizia moshi wa jiko.

— Mimi nawaambieni ni wino, Wembe alidakia. Asubuhi wino umekolea, bei iko juu. Jioni muhuri umeshafifia, wanateremsha. Nenda saa za kufunga.

— Saa za kufunga na chuo kitakuwa kimefunga!

— Basi ni kiti, Buli alisema. Pale ndani kuna kiti cha mto na benchi la mbao. Ulikaa wapi?

— Kwenye mto.

— Yallah! Ushalipia kiti.

— Hapana, hapana, mzee Faili alitikisa kidole. Ni saini. Yule bwana ana saini ndefu, inaanzia huku inaishia kule. Tafuta wakili mwenye saini fupi.

— Nigonge milango nikiuliza saini zao?

— Au ni kiapo chenyewe, Wembe alisema, sasa keshanogewa. Unajua, mtu akiapa ukweli, muhuri haupati kazi. Mwongo ndiye anayetozwa zaidi, maana...

— Wembe.

Soli hakupaza sauti. Alikuwa amechoka mno kupaza sauti.

— Dada yangu kanifia mikononi. Yule mtoto nimemsuka mimi nywele, mimi, na vidole hivi vya gundi. Usiniambie mimi mwongo.

Wembe alikiinua kikombe. Akanywa kahawa iliyokwisha.

— Yaishe, ndugu yangu, alisema baadaye. Mdomo tu.

Buli alikuwa ameinama kuchochea jiko, na alipoinama akaona kitu.

— Hebu ngoja kwanza. Soli, hivyo viatu ni vyako?

Soli akairudisha miguu chini ya benchi, lakini kakawia. Viatu vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vinang'aa mpaka unaona jua ndani yake. Na mtaa mzima unajua Soli ni mtu wa ndala.

— Vya mteja, alikiri. Atavifuata kesho. Nisingeweza kwenda kula kiapo na ndala, mama. Nilitaka yule bwana aniheshimu.

— Na alipokuona alifanyaje?

— Aliniangalia chini. Halafu ndio akasema inategemea.

— Basi kakuheshimu, Wembe alisema. Kakuheshimu soli mbili zaidi.

Hapo walicheka, mpaka Soli mwenyewe akacheka, cheko la mtu asiye na nguvu ya kufanya lingine. Kisha kicheko kikaisha na karatasi ilikuwa bado mkononi, nyeupe, haina muhuri. Buli aliinua birika akalitikisa. Machicha matupu.

— Kahawa imeisha, jamani.

Ndipo akatokea dada mmoja asiyejulikana pale kijiweni, mkoba begani, kiatu kimoja mkononi kimeachama mdomo. Nywele zimetengenezwa vizuri, saa nzuri mkononi. Soli alimwona kama anavyowaona watu siku zote, kuanzia chini kupanda juu: kiatu, mkoba, saa. Na kabla hajajizuia, akili ilishapiga hesabu. Huyu angeweza kulipa soli mbili juu ya bei yake. Mbili kamili. Mtoto angeingia chuo leo.

— Habari zenu. Fundi, kuweka soli mpya ni bei gani?

Soli alikipokea kiatu, akakigeuza. Kazi ndogo tu, ya kila siku.

— Inategemea, alisema.

Neno likatoka, likakaa pale katikati yao. Wembe aligeuka kumtazama. Mzee Faili alivua miwani.

— Inategemea nini? dada yule aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua tu.

Wembe alikichungulia kikombe chake kitupu. Mzee Faili aliifuta miwani iliyokuwa safi. Buli alianza kuzima jiko, taratibu, kaa moja moja. Soli alisimama na kiatu cha watu mkononi na viatu vya watu miguuni, na dada yule akangoja jibu.