Safari ya Kaledonia Iliyolala Kwenye Droo

Bwana asifiwe kwa wanaomsifu, na asalaam aleikum kwa ndugu zangu wa Dar na Unguja. Namshukuru mwenyekiti wa umoja wetu kwa kunipa nafasi kabla chakula hakijaletwa. Ameniomba mambo mawili: nisitaje jina la mtu, na niseme kwa upole. La kwanza nitalitimiza. La pili mnisamehe, sina uhakika nalo.

Wengi mnanijua. Mimi ni mtu wa Morogoro, mwaka wa nne huu nanunua nguo hapa Guangzhou na kuzisafirisha nyumbani. Sijauza cha haramu, wala sijakaa nchi hii siku hata moja bila viza. Nasema hivyo kwa sababu mwaka jana nilikaa kituo cha polisi siku tatu kama mwizi wa kuku, na leo nataka mjue nilifikaje pale.

Ilianzia mtaa wa Yide Lu. Nilikuwa kwenye duka la vifaa vya shule, natafuta madaftari ya kujazia nafasi kwenye kontena, nikamwona mama mmoja mweusi, mtu mzima, amevaa dera. Ndugu zangu, nawaambia, dera kabisa! Pana, maua makubwa, lesi shingoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akatabasamu, akanijibu kwa Kifaransa. Bahati nzuri nilikuwa na rafiki yangu, mama Mkongo, tunayechangia naye stoo, akatufasiria. Kumbe yule mama ni wa Kaledonia Mpya, visiwa vya huko Pasifiki vilivyo chini ya Wafaransa, na ile ndiyo nguo ya akina mama wa kwao. Wanaivaa kanisani, sokoni, na wakicheza kriketi.

"Kriketi na dera?" nikauliza.

"Muulize mwenyewe," rafiki yangu akasema. "Anasema timu yao haijafungwa mwaka huu."

Laobani, mwenye duka, akatushushia tufe la dunia, yale ya plastiki ya wanafunzi, tukalizungusha mpaka tukaviona: vidoti vidogo mashariki ya Australia. Yule mama akaweka kidole pale akasema, njoo na nguo zako, utafikia kwangu, barua ya mwaliko nitakuandikia mimi.

Jamani, nilipagawa. Nimezoea kugombania wateja Kariakoo na watu elfu, leo naonyeshwa soko ambalo hakuna Mtanzania aliyelikanyaga! Nikaanza mipango. Nikauliza ndege, nikaambiwa unabadilishia Tokyo. Nikauliza majira, nikaambiwa usije miezi ya mwanzo wa mwaka, kuna vimbunga. Nikamfuata laobani wangu wa kushona, tukabadilisha mikono ya dera iwe mifupi yenye marinda kama yao. Mwanamke wa Kichina yule alidhani nimerukwa na akili, lakini alishona. Barua ya mwaliko ikaja. Kilichobaki ni viza.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Kuna mwenzetu anayeshughulikia viza. Msigeuze shingo, simtaji. Tunakaa naye kwenye vikao, anachangia misiba, anafungua kwa dua. Nikampelekea habari yangu. Hakufikiri hata dakika. "Dada, kisiwa ni cha Wafaransa. Nakuchukulia viza ya Ufaransa, unaingia Paris, unaingia na huko kwako. Niachie pasipoti."

Nikamwachia. Mnacheka nini? Nani kati yetu hajawahi kumwachia mwenzake pasipoti? Tumezoea. Mtu ni wa nyumbani, anazungumza lugha yako, basi unamkabidhi roho yako kwenye bahasha. Akanipa fotokopi, akasema, "Ukisimamishwa, onyesha hii."

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Tangu ile Olimpiki ya hapa China, viza zimefupishwa, kuongeza muda imekuwa vita, askari wanasimama kwenye milango ya majengo yetu wanataka pasipoti. Viza yangu ya hapa ilikuwa imebakiza wiki sita. Wiki ya kwanza nikampigia, "Iko ubalozini, dada." Ya pili, "Wameniambia kesho." Ya tatu, "Wafaransa wana sikukuu." Wafaransa gani hao wenye sikukuu wiki nzima? Lakini nikanyamaza, nisimuudhi mtu aliyeshika pasipoti yangu.

Wiki ya nne, saa sita mchana, natoka kwenye jengo la barabara ya Huanshi Zhonglu na mfuko wa sampuli zangu za dera. Askari wawili. "Huzhao!" Pasipoti. Nikatoa ile fotokopi. Yule askari kijana hakuisoma hata. Akaikunja, akanirudishia, akanishika mkono mbele ya watu wote, wauza chapati Wauighuri, wale Waislamu wa hapa China, wananitazama, wanawake wenzangu wanapita upande wa pili haraka haraka. Sikuwalaumu sana. Nilikuwa nimewahi kupita hivyo mwenyewe.

Kituoni wakanipa nafasi ya kupiga simu. Nikampigia mwenzetu. Nikamwambia, "Kaka, nimekamatwa, waletee pasipoti." Mnajua alinijibu nini? "Usinitaje." Akakata. Sikuambiwa pole, wala uko kituo gani. Usinitaje! Mpaka leo nikilikumbuka lile neno damu inanichemka.

Nilikaa siku tatu kwenye chumba cha kiti kimoja cha bati. Nililia, sitawaficha. Nililia kwa hasira, na kwa aibu, nikiwaza watoto wangu Morogoro wataambiwa mama yao amefungwa China kwa kosa gani. Wakati huo viza yangu inazidi kuisha, na pasipoti ikipotea ndiyo basi, narudishwa na kufungiwa mlango.

Aliyenitoa ni yule mama Mkongo. Alinitafuta stoo, hakuniona, akauliza mpaka akajua. Akamchukua laobani wa kushona, wakaenda wote wawili mpaka mlangoni kwa mwenzetu. Mwenzetu akaanza kuwaambia pasipoti iko ubalozini. Rafiki yangu akamwambia, "Bon, kama iko ubalozini, twende wote ubalozini sasa hivi." Laobani yeye akaketi sakafuni mlangoni, akasema kwa Kichina kwamba haondoki. Basi mwenzetu akaenda kwenye droo. Droo ya kabati la jikoni, ndugu zangu! Pasipoti yangu ilikuwa pale tangu siku niliyompa, barua ya mwaliko imo ndani, hata haijakunjuliwa. Na haikuwa peke yake. Rafiki yangu aliziona nyingine, zimefungwa mpira. Wakaileta yangu kituoni, nikaachiwa.

Nilipotoka nikaenda mwenyewe kwa Wafaransa. Dada wa dirishani akaniambia mambo mawili kwa dakika mbili. Hakuna ombi lolote lililoletwa kwa jina langu. Na viza ya kuingia Paris haikufikishi kule, visiwa vile vinataka viza yao. Dakika mbili! Ningeuliza mwenyewe siku ya kwanza, ningejua.

Lakini kilichoniumiza kuliko kituo cha polisi kilikuja baadaye. Nilipowasimulia baadhi yenu, mmoja akaniambia, "Pole, hata mimi alinifanyia hivyo." Wa pili, "Yule ndivyo alivyo." Wa tatu akaniomba nisiseme, tumsitiri, tuko ugenini. Mlijua! Mlikuwa mnaniona nampa mkono kila Jumapili, na mlijua. Mnamsitiri nani? Mbona mimi sikusitiriwa pale Huanshi Zhonglu?

Nimepoa. Subirini, nimepoa.

Nilirudi nyumbani kabla viza haijaisha, nikachukua mpya, nikarudi. Nikaomba na ile ya visiwani, mimi mwenyewe, foleni yangu mwenyewe. Hii hapa, itazameni, imeandikwa kabisa kwamba ni ya Kaledonia Mpya. Nasafiri mwezi ujao. Madera yametangulia kwa meli kutoka bandari ya Nansha.

Namshukuru mama Mkongo, ambaye hata lugha yake ya nyumbani si yangu. Namshukuru laobani aliyeketi sakafuni kwa ajili ya mtu mweusi asiyeweza hata kumtamkia jina sawasawa. Namshukuru mama wa visiwani, aliyeandika barua ya pili bila kuniuliza ya kwanza ilikwamia wapi. Na fundisho langu ni fupi: pasipoti yako ikae mwilini mwako, na ukitapeliwa, sema siku hiyo hiyo, kabla mwenzako hajaingia foleni nyuma yako.

Sasa nauliza, na sitaki dua kwanza. Nani hapa, leo hii, pasipoti yake iko kwa mtu?

Msitazamane. Nani?

Dada wa kitambaa cha kijani. Asante. Na wewe kaka. Na wewe mama, hata wewe? Vaeni viatu, tukazidai. Mwenyekiti, chakula kitatusubiri. Mlango wake naujua.