Amani ya Mtu Aliyekwenda Kanisani Kugombana

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio dukani, nanyi mliolazwa kwenye wodi ya mapafu na redio ndogo kando ya mto, hamjambo. Mimi ni Noh Hye-gyeong, na leo tunamkumbuka Tak Chil-seong wa Heukgol, mji wa wachimbaji. Narudia jina: Tak Chil-seong. Alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe, na mwasha jiko wa kanisa dogo la juu ya ngazi. Amefariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita.

Nilipokwenda kwa mjane wake, Mama Yeom Bok-hui, kuomba habari za kusimulia, aliniangalia kwa jicho kali. "Hye-gyeong mwanangu," akasema, "ukimpaka asali nitazima redio."

Basi, wapendwa, sitampaka asali.

Turudi Novemba mwaka 1981. Chil-seong alikuwa na miaka thelathini na mitano. Mdogo wake, Yeong-tae, alikuwa na ishirini na tisa. Wote wawili walifanya kazi mgodi mmoja, zamu tofauti. Siku ile ya Alhamisi, zamu ya mchana, Yeong-tae aliingia shimoni na kuona nguzo za mbao zimepinda. Akarudi kwa msimamizi wa zamu, mtu aliyeitwa Bang Jae-eok. Akamwambia dari inalia.

Bang akamjibu mbele ya watu, "Inalia? Kaibembeleze basi. Ingia! Makaa hayatajichimba."

Yeong-tae akaingia. Dari ikashuka.

Chil-seong aliamshwa kitandani akakimbia hadi mgodini bila soksi. Alichimba siku mbili. Alipompata ndugu yake alimtambua kwa mkanda wa suruali. Nitaishia hapo.

Msibani, Bang alikuja kuinama mbele ya picha ya marehemu. Chil-seong akamkamata ukosi, akamburuta hadi uani na kumtupa matopeni. "Muuaji! Unakuja kula supu ya msiba ulioupika mwenyewe?" Wanaume wanne walihitajika kuwaachanisha. Bang hakurusha ngumi hata moja. Alijifuta tope, akaondoka.

Yeong-tae aliacha mke wa miaka ishirini na sita, Ok Sun-nam, na binti mchanga. Sun-nam alimuuliza shemeji yake swali moja tu. "Shemeji, Yeong-tae alikuwa zamu ya asubuhi. Mchana alikwenda kufanya nini?"

Chil-seong akamjibu, "Bang alimwita. Watu walikuwa pungufu."

Sun-nam aliamini. Safu zote za nyumba za wachimbaji ziliamini. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemsalimia Bang. Mkewe akienda kisimani, wenzake walijaza ndoo na kuondoka. Msimu wa baridi haukuisha kabla mama huyo hajarudi kwao na watoto, na Bang akabaki peke yake. Mgodi ulimvua usimamizi, akawa msukuma mabehewa.

Mwaka uliofuata, wakati theluji inaanza kuyeyuka, habari ikapita mitaani. Bang Jae-eok anakwenda kanisani. Tena wanasema amepata amani.

Wasikilizaji wapendwa, neno hilo lilimchoma Chil-seong kuliko msiba wenyewe. Mama Bok-hui anakumbuka. "Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. Akasema, 'Amani? Ndugu yangu yuko mlimani chini ya udongo, na yeye ana amani? Nitakwenda nikamnyang'anye.'"

Jumapili akapanda. Ngazi tisini na mbili. Hakuwa amewahi kuingia kanisani maishani mwake. Alivua viatu mlangoni kama wengine, akachagua mahali, akaketi sakafuni nyuma ya Bang, karibu kiasi kwamba magoti yake yaligusa mgongo wa yule mtu.

Ulipofika wakati wa kuomba wote pamoja kwa sauti, kanisa likanguruma. Naye Chil-seong akaomba. Aliomba kwa sauti kubwa kuliko wote. "Mungu, kama upo, sikia! Huyu aliye mbele yangu ameua. Usimsikilize. Kila anachoomba, mnyime!"

Watu waliokuwa karibu wakafumbua macho. Bang hakugeuka.

Jumapili iliyofuata akarudi, na maneno yaleyale. Na iliyofuata. Kanisa likagawanyika. Mama mmoja wa kwaya akamwendea Mchungaji Gil, mzee mfupi aliyewahi kuwa mchimbaji na aliyebaki na vidole saba. "Mchungaji, yule kichaa tumtoe. Hatuwezi kuabudu."

Mchungaji Gil akamjibu, "Mimi nasikia anaomba. Tena anaomba kwa moyo kuliko wewe. Mwacheni."

Haya yaliendelea mwaka mzima na miezi mitano. Mtu aliyekuwa akienda kanisani kwa chuki tupu, hakukosa Jumapili hata moja. Nyimbo akazijua. Sala ya Bwana akaijua. Ila ikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo, akakodolea kisogo cha Bang, kisha akaendelea na maneno yanayofuata.

Nyumbani hakuwa na nafuu. Hakuwa akilala. Bok-hui akiamka alimkuta ameketi, ameegemea ukuta, macho wazi. Akimgusa, alifoka. Watoto walijifunza kutembea kwa vidole.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa Agosti, asubuhi ya mvua, saa kumi na moja. Mchungaji alikuwa amesafiri. Chil-seong alipata habari kwamba Bang huenda kwenye sala ya alfajiri kila siku, mara nyingi peke yake. Akapanda ngazi na mpini wa sururu mkononi. Miaka mingi baadaye alimweleza mkewe kwamba hakuwa na uhakika angeutumiaje. Alitaka tu auone uso wa Bang ukiogopa.

Alisimama mlangoni, akasikia. Bang alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaongea polepole, kama mtu anayetoa ripoti ya zamu. "Nilimwambia akaibembeleze. Watu wakacheka, nikafurahi. Nikamwambia ingia. Yeong-tae akaniangalia, akaingia." Akaanza tena, maneno yaleyale, tangu mwanzo.

Chil-seong akaingia na viatu vyake miguuni.

"Hiyo ndiyo amani yako, bwana msimamizi? Hiyo unayojitangazia mitaani?"

Bang akageuka. Aliuona mpini. Hakuinuka.

"Nani kakwambia nina amani?" akauliza.

"Mji mzima!"

"Mji hauongei na mimi, ndugu Tak. Utajuaje nilicho nacho? Mimi nina mahali pa kusema kweli. Nikishaisema, napata nguvu za kushuka ngazi na kusukuma behewa. Kesho napanda tena."

"Ulimuua ndugu yangu."

"Ndiyo."

"Sema tena!"

"Nilimuua. Dari ilikuwa mbovu, nikaambiwa, nikamwingiza." Kisha Bang akatazama sakafu. "Na zamu ilikuwa yako."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Alikuja akaniambia, kaka anaumwa, nimemshikia zamu," Bang akasema. "Nilisikia harufu ya pombe ya soju ukiwa unachimba siku ile. Nilijua tangu hapo."

Wapendwa wasikilizaji, hiyo ndiyo siri. Narudia ili mtu asiipite. Zamu ile ilikuwa ya Chil-seong. Jumatano alikuwa amekunywa kwa rafiki, Alhamisi kichwa hakikuinuka. Akamwomba mdogo wake aliyetoka tu kazini arudi tena shimoni kwa niaba yake. Bang hakumwita Yeong-tae. Chil-seong ndiye aliyemtuma.

"Mbona hukusema?" Chil-seong akauliza. "Wamekutemea mate. Mkeo kakukimbia. Mbona hukusema?"

"Ningesema ili iweje? Mimi ndiye niliyesema ingia."

"Nimekaa nyuma yako mwaka mzima nikikuita muuaji mbele za Mungu!"

"Nilikuwa nasikia," Bang akasema. "Nilikuwa naomba uchoke."

Chil-seong alikaa chini. Mpini ukabaki pembeni. Alikaa hapo mpaka king'ora cha zamu ya asubuhi kikalia, na wote wawili wakashuka, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Sasa labda mnangoja niwaambie kwamba hapo ndipo amani ilipoingia. Haikuingia. Mama Bok-hui anasema wiki zile zilikuwa mbaya kuliko zote. Chil-seong alikwenda kila alfajiri na kurudi amevimba macho. Mwishowe akamwendea Mchungaji Gil, akamweleza yote, akauliza, "Nimemwambia Mungu. Mbona bado silali?"

Mchungaji akamjibu, "Mungu hukumdanganya, Yeye alikuwa anajua. Uliyemdanganya anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako."

Akachukua wiki mbili kuvuka nyumba mbili. Siku aliyokwenda ilikuwa ya kutengeneza kimchi, achari ya kabichi ya majira ya baridi. Sun-nam alikuwa uani na majirani sita, mikono imejaa pilipili, mabeseni ya kabichi kila mahali. Chil-seong akapiga magoti kwenye maji.

"Shemeji, Bang hakumwita Yeong-tae. Ni mimi. Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimelewa."

Wanawake wakaacha kazi. Sun-nam akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Umesemaje?"

Akarudia. Sun-nam akainua beseni la maji ya chumvi, akammwagia lote, kisha akamtupia na beseni.

"Nimekupikia miaka miwili!" akapiga kelele. "Kila sikukuu nakuletea supu, nakuita shemeji, nakwambia asante kwa kumchimbua! Toka! Na huyo Mungu wako aliyekufundisha kusema leo, mwambie alichelewa!"

Kabla ya jua kuzama, Heukgol nzima ilijua. Wakampa jina, muuza ndugu. Liliandikwa kwa chaki mlangoni kwake. Shimoni, watu waligoma kushuka naye. Wazee waliokuwa wakimsifu kwa kumtupa Bang matopeni walipita wakitema mate. Ukimsalimia, unapigwa kumbo.

Mama Bok-hui alifunga vitu. "Nilimwambia tuhame. Mawe yalikuwa yanapiga mlango wakati huohuo. Naongea, hajibu. Nikageuka kumfokea. Nikakuta amelala. Anakoroma, Hye-gyeong. Mtu ambaye hakufumba macho tangu msiba, anakoroma na mawe yanapiga mlango. Nikafungua vitu. Nikajisemea, hicho alichokipata, sikiachi."

Bok-hui alibatizwa Pasaka iliyofuata. Chil-seong alimaliza miaka mingine miwili kabla ya kukubali maji, kwa sababu, alisema, hakutaka watu wadhani ameyanunua kwa ungamo lake.

Na Bang? Hawakuwa marafiki, si kwa maana ya kawaida. Lakini Chil-seong alizunguka nyumba kwa nyumba kusafisha jina la Bang, na nyumba nyingi zilimfungia mlango usoni. Mapafu ya Bang yalipojaa vumbi la mawe na miguu kumwishia nguvu, Chil-seong alimbeba mgongoni ngazi zote tisini na mbili, kila alfajiri, miaka mitatu. Majirani walisikia wakigombana njia nzima. "Msimamizi, huli chochote, mbona mzito hivi?" Na yule wa mgongoni, kwa pumzi iliyobaki, "Ingia, makaa hayatajichimba." Wakacheka, wakakohoa. Mimi nisingethubutu kufanya mzaha huo. Wao walikuwa na haki nao. Bang alifariki mwaka 1994, na Chil-seong ndiye aliyemwosha.

Mgodi ukafungwa. Chil-seong akabaki akitengeneza majiko na mabomba ya kupasha sakafu joto. Kila Novemba alipeleka matofali ya makaa ya kuwashia jiko kwa Sun-nam na kuyapanga ukutani. Kila Novemba Sun-nam alifunga mlango mpaka aondoke. Aliyatumia. Hakumshukuru.

Sun-nam sasa ana miaka sitini na saba. Nilimpigia simu nikitarajia atakata. Hakukata. "Mimi sijasamehe," akasema. "Litangaze hilo vizuri, wasije wakanipamba." Nikamwahidi. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua.

"Niliposikia anakufa, nilikwenda hospitali. Nilitaka nimwone akiogopa. Nilingoja miaka arobaini kuona hilo. Nilikaa kwenye kiti siku tatu. Pumzi ilikuwa inamkwama, midomo ya bluu, na hakuogopa. Siku ya tatu aliniambia, 'Shemeji, kula kidogo, umekonda.' Nikaondoka. Hasira yangu bado ninayo, Hye-gyeong. Lakini haina tena pa kukaa. Natembea nayo tu humu ndani kama mtu aliyebeba kabati."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mama Yeom Bok-hui, watoto wake wanne na wajukuu. Tunawapa pole waumini wa kanisa la juu ya ngazi, ambao sasa watajiwashia jiko. Na pole ya pekee, bila kumlazimisha kitu, tunampa Mama Ok Sun-nam na binti yake.

Wewe unayenisikiliza na huna usingizi, jiulize kuna nyumba gani ya tatu kutoka kwako ambayo hujaivuka. Sisemi ukivuka watakufungulia. Chil-seong hakufunguliwa hadi kufa, na bado alilala.

Maziko ni kesho saa nne asubuhi, njia ya kilimani. Mama Sun-nam ameniambia hataingia kanisani. Atasimama barabarani, kwenye kona, jeneza likipita. Mkimkuta pale, msalimieni. Msimhubirie.